Piga Hesabu ya Hewa Kabla ya Kukata Mbao: Boksi la Tundu kwa Sabufa Kubwa ya Gari

Mtu anayenunua sabufa ya gari ya inchi 12 yenye wati 1000 huwa na maswali mengi dukani. Atauliza bei, atauliza kama amplifaya itaimudu, atainyanyua kupima uzito wa sumaku, kisha atabishana nusu saa juu ya waya. Boksi halimshughulishi. Kwake yeye boksi ni mbao sita zilizovikwa kapeti jeusi, na fundi atapima buti la gari kisha alitengeneze lienee. Wiki ya pili malalamiko yanaanza: kila wimbo unanguruma noti ileile moja, gita la besi halisikiki, mwili wa gari unatetemeka kuliko muziki wenyewe, na kwenye tundu kuna upepo unaofoka. Lawama anapewa mwenye duka aliyeuza sabufa, wakati kosa liko kwenye mbao.

Msimamo wangu ni huu: ukiwa na sabufa ya wastani ndani ya boksi lililopigiwa hesabu, utamshinda mwenye sabufa ya bei mbaya ndani ya boksi la kubahatisha. Hesabu yenyewe si ya chuo kikuu. Simu yako ina kikokotoo, na hicho kinatosha.

Tuanze na tundu, maana wengi hudhani limewekwa ili boksi lipumue tu. Koni ya sabufa inaposukuma hewa kwenda mbele, upande wa nyuma huivuta, na inaporudi hali hugeuka. Katika boksi lililozibwa, ile hewa ya nyuma hufungiwa ndani na nguvu yake haisikiki nje. Boksi la tundu huichukua nguvu hiyo na kuifanyia kazi. Puliza juu ya mdomo wa chupa tupu ya soda uisikie ikivuma: hewa iliyo shingoni ndiyo uzito, hewa iliyo tumboni ndiyo springi, na viwili hivyo vina mdundo wake mmoja. Mwanasayansi wa Ujerumani, Hermann von Helmholtz, aliuchambua mdundo huo katika karne ya 19. Albert Thuras wa maabara ya Bell huko Marekani alipata hataza ya spika ya namna hii mwaka 1932. Kwa miaka mingi baada ya hapo mafundi walikuwa wakikisia vipimo, hadi watafiti wawili waliofanya kazi Australia wakaja na hesabu kamili: Neville Thiele mwaka 1961, kisha Richard Small mwanzoni mwa miaka ya 1970. Zile herufi kwenye karatasi inayokuja na sabufa, Fs, Qts, Vas na nyinginezo, huitwa vipimo vya Thiele na Small kwa sababu yao. Karatasi hiyo usiitupe pamoja na katoni.

Ukiisoma, tazama kwanza Qts. Ikiwa kati ya 0.3 na 0.5, sabufa hiyo kwa kawaida inalipenda boksi la tundu. Ikipita 0.6, heri uiweke kwenye boksi lililozibwa, la sivyo utapata besi nzito isiyo na umbo. Pia gawanya Fs kwa Qes: jibu likiwa karibu na 100 au zaidi, tundu linafaa sana, likiwa chini ya 50, ziba boksi. Sabufa isiyo na karatasi wala vipimo vyovyote, hata iwe na sumaku kubwa kama sufuria ya ugali, mimi nisingeitengenezea boksi la tundu. Hakuna cha kuanzia.

Sasa chagua mdundo wa boksi. Hapa ndipo muziki wako unapoamua. Waya mnene wa gita la besi la nyaya nne hutoa noti ya Hz 41, na gita la nyaya tano hushuka hadi Hz 31. Anayesikiliza rhumba, taarabu na benga anahitaji besi iliyo sawa kuanzia Hz 40 kwenda juu. Mpenzi wa amapiano, dancehall na hip hop anataka kitu kinachoshuka zaidi. Kwa gari la matumizi ya kila siku, mdundo wa Hz 32 hadi 36 unakidhi karibu kila kitu. Wenye kushindania kelele kwenye mashindano ya desibeli hupandisha hadi Hz 45 na zaidi, kwa kuwa wanatafuta noti moja yenye nguvu ya kutisha. Wewe unayetoka kazini na kwenda kumchukua mtoto shuleni hauko kwenye mashindano hayo. Chukua Hz 34.

Boksi likipiga Hz 34, kwenye masafa hayo koni huwa karibu kusimama na tundu ndilo linalofanya kazi kubwa. Ni raha ya ajabu kuiona: sauti imejaa garini, koni haichezi. Lakini ukishuka chini ya mdundo huo mambo hugeuka. Hewa hupita tunduni bila kuisukuma koni irudi, koni inakuwa kama haina boksi kabisa, inaruka mbele na nyuma kupita mpaka wake. Masafa yakipungua kwa nusu, sauti ya boksi la tundu huanguka kwa desibeli 24, wakati ya boksi lililozibwa huanguka kwa 12. Kwa hiyo huko chini hupati sauti, unapata uharibifu tu. Ndiyo maana amplifaya ya boksi la tundu lazima iwe na kichujio kinachokata masafa ya chini kabisa, na kichujio hicho kiwekwe Hz 4 hivi chini ya mdundo wa boksi, yaani kwenye Hz 30 kwa mfano wetu. Amplifaya isiyo na kichujio hicho ni ya boksi lililozibwa, hata muuzaji aseme nini.

Twende kwenye namba. Tuseme mtengenezaji wa sabufa yako ya inchi 12 anapendekeza boksi la tundu la lita 57. Hizo lita 57 ni hewa tupu inayobaki baada ya kila kitu kuingia ndani. Shikilia sentensi hiyo, maana maboksi mengi mabovu niliyowahi kuyafungua yalikosewa papo hapo.

Kwanza ukubwa wa tundu. Sabufa yenye nguvu huhitaji sentimita za mraba 2.7 hadi 3.6 za mdomo wa tundu kwa kila lita ya hewa tupu. Kwa lita 57 ni kati ya 154 na 205. Tundu likiwa dogo kuliko hapo, hewa hukimbia sana na kufoka, na besi hubanwa kadiri unavyoongeza sauti. Wengi hutumia bomba la plastiki la inchi 4 la maji machafu kwa sababu linapatikana kila duka la vifaa vya ujenzi. Mdomo wake ni kama sentimita za mraba 81. Kwa sabufa ya wati 200 halina neno. Kwa wati 1000 litapiga miluzi. Bomba la inchi 6 lina kama 182, hilo linaingia kwenye mpaka, ila urefu wake utakusumbua. Ndiyo maana kwa sabufa kubwa mafundi wazuri hujenga tundu la mfereji kwa mbao zilezile za boksi, upande mmoja, kutoka chini hadi juu. Tuchukue mfereji wenye upana wa sentimita 5.5 na kimo cha sentimita 36. Zidisha: sentimita za mraba 198.

Urefu wa mfereji unapatikana hivi. Zidisha eneo hilo kwa 30,000. Gawanya kwa mdundo uliozidishwa kwa wenyewe, kisha gawanya kwa lita. Kwa mfano wetu, 198 mara 30,000 ni 5,940,000. Mdundo 34 mara 34 ni 1,156. Mara lita 57 ni 65,892. Ukigawanya unapata sentimita 90. Hewa iliyo nje kidogo ya midomo miwili ya tundu nayo huhesabika kama sehemu ya tundu, kwa hiyo punguza: tafuta kipeuo cha pili cha eneo, ambacho ni 14, uzidishe kwa 0.83. Hiyo ni karibu 12. Mfereji wako uwe na sentimita 78.

Sentimita 78 ni ndefu kuliko kina cha boksi lenyewe. Usishtuke wala usifupishe. Mfereji hukunjwa: unaanza mbele, unaambaa na ubao wa ubavuni hadi nyuma, unapinda na kufuata ubao wa nyuma. Unapimwa katikati ya njia ya hewa, si ukutani, na unene wa ubao wa mbele unahesabiwa ndani ya urefu huo. Mwisho wake wa ndani uache nafasi isiyopungua upana wa mfereji kabla ya ukuta unaofuata, yaani sentimita 5.5 au zaidi, la sivyo umeziba ulichofungua.

Sasa ongeza kila kinachokula hewa. Mfereji wenyewe unakula lita 15. Ubao unaoutenga na boksi, wa unene wa milimita 18, unakula lita 4 na nusu. Sumaku na kikapu cha sabufa ya aina hii huchukua kama lita 4. Karatasi ya vipimo mara nyingi huandika kiasi hicho. Mihimili ya ndani ya kukaza boksi, lita 2. Jumlisha na zile 57: unapata lita 82 na nusu. Boksi lenye upana wa sentimita 58, kimo 36 na kina 40, vyote vikipimwa kwa ndani, lina lita 83 na nusu. Hapo umefika. Kwa nje, ukiwa na ubao wa milimita 18 na ubao wa mbele maradufu, ni kama sentimita 62 kwa 40 kwa 46. Pima buti lako kabla ya kununua mbao, na usisahau kupima mlango wa buti pia. Kuna watu wamejenga boksi zuri likakataa kupita.

Ngoja nikuonyeshe kinachotokea fundi asipoongeza hizo nyongeza. Anasikia "lita 57", anajenga boksi lenye lita 57 kwa ndani, anaingiza mfereji, sumaku na mihimili. Hewa iliyobaki ni kama lita 31 na nusu. Mfereji ni uleule, hewa imekaribia kuwa nusu, kwa hiyo mdundo unapanda kutoka Hz 34 hadi karibu 46. Umepata boksi la mashindano bila kuliomba: linapiga noti moja kwa kishindo, na chini ya hapo koni inaruka bila breki, kwa sababu kichujio chako bado kiko Hz 30. Wiki chache baadaye koili inakwaruza. Mteja anarudi dukani na sabufa iliyokufa, anaambiwa ameipiga sana.

Ukiwa na kompyuta, programu ya bure ya WinISD itakuchorea haya yote kwenye grafu, pamoja na kasi ya hewa tunduni. Kasi ikikaa chini ya mita 17 kwa sekunde hutasikia upepo wowote. Garini, ambamo kuna injini, barabara na gumzo la abiria, wengi huvumilia hadi 25 au 30. Zaidi ya hapo rudi kwenye eneo la tundu. Lakini kumbuka: ukiongeza eneo mara mbili, urefu nao unakaribia kuongezeka mara mbili, na lita zinazoliwa na mfereji huenda mara nne. Hakuna cha bure humo.

Kuhusu ujenzi nitakuwa mfupi, kwani seremala mzuri anajua kazi yake. MDF ya milimita 18 ni nzito na imetulia, lakini ikilowa maji huvimba kama mkate. Kwa gari linaloishi Mombasa, Tanga au Zanzibar, au lenye buti linalovuja, tumia plaiwudi ngumu inayostahimili maji. Ubao wa mbele uwe maradufu. Kila kiungo kipate gundi ya mbao kwanza na skrubu baadaye, na matundu ya skrubu yatobolewe kabla ili ubao usipasuke. Midomo ya mfereji iviringishwe kwa randa au msasa, ndani na nje, kwa kuwa kona kali ndiyo inayozaa mlio wa upepo. Ndani ya viungo pitisha silikoni, kisha uache ikauke siku nzima kabla ya kufunga sabufa. Mvuke wa silikoni mbichi hushambulia gundi za koni.

Wati nazo zina uongo wake. Namba kubwa iliyochapwa kwenye katoni, PMPO au MAX, haikuhusu. Tafuta RMS, yaani wati zinazomudika muda wote. Amplifaya yenye wati 1000 za RMS na ufanisi wa asilimia 80 huvuta wati 1250 inapofikia kilele, ambazo kwa volti 13.8 ni ampea 90. Gari dogo lina alteneta ya ampea 60 hadi 100 kwa taa, feni na kila kitu kingine. Muziki hauvuti kilele muda wote, ndiyo maana magari yanaishi, lakini ukiona taa za dashibodi zikififia kwa kila mdundo, umeme ndio unaolia. Waya wa umeme uwe wa shaba tupu. Kwenye maduka ya Luthuli Avenue na Kariakoo utauziwa waya mnene wa bei nafuu; ukwaruze kwa wembe, ukiona weupe chini ya rangi ya shaba, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, nayo inahitaji kuwa nene zaidi ili ibebe mzigo uleule. Fyuzi iwe ndani ya sentimita 45 kutoka kwenye betri. Hii si mapambo: waya huo hupita chini ya kapeti la gari, na ukichubuka bila fyuzi karibu, gari linaungua.

Hatua inayobaki ndiyo ambayo karibu hakuna fundi anayeifanya, na ndiyo ninayoithamini kuliko zote. Ubao wa nyuma usiugundishe bado. Ufunge kwa skrubu juu ya ukanda mwembamba wa sponji ili hewa isivuje. Weka programu ya kutoa toni kwenye simu, unganisha na redio ya gari, zima kichujio cha masafa ya chini kwa muda, na weka sauti ndogo kabisa inayokuwezesha kuona koni ikitikisika. Anza Hz 42 ushuke moja moja hadi 28. Mulika koni kwa tochi kutoka ubavuni, na ushikilie kipande cha karatasi ya chooni mbele ya tundu. Kuna masafa ambapo koni itatulia ghafla huku karatasi ikicheza kwa nguvu. Hayo ndiyo mdundo halisi wa boksi lako, haijalishi karatasi ya hesabu ilisema nini. Ukikuta 36 badala ya 34, ongeza ubao wa mfereji kwa ndani kama sentimita 10. Mfereji unaotumia kuta za boksi aghalabu hushuka kidogo chini ya hesabu. Ukikuta 32, na muziki wako ni wa chini, liache lilivyo na ushushe kichujio hadi 28. Ukimaliza, washa kichujio, gundisha ubao, ndipo uvike kapeti.

Kazi hiyo huchukua saa moja hivi. Mafundi wengi hawaifanyi kwa sababu hakuna mteja anayeilipia. Mteja analipia mbao, kapeti na taa za buluu. Kwa hiyo ukienda kwa fundi, mwambie tangu mwanzo kwamba unataka lita za hewa tupu, eneo la tundu, urefu wake na mdundo uliopimwa, viandikwe kwa kalamu ubavuni mwa boksi kabla halijavikwa kapeti, na saa ya kupima uilipe kama kazi nyingine yoyote.